Kupora na Kupata: Jinsi Vyombo vya Habari Vinavyotufundisha Kuonana

Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia wawili Wamarekani weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Kila mtoto aliambiwa: nipe ambaye ungependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Watoto wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya. Ombi la mwisho ndilo lililouma: nipe anayefanana nawe. Wapo watoto waliolia, na wapo waliotoka chumbani mbio. Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipopiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma, uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi iliourejelea.

Kila ninapolieleza jaribio hili, huulizwa: nani aliwafundisha watoto wale? Si lazima awepo mtu aliyewaketisha akawafundisha. Clark na mkewe waliuona mzizi katika jamii iliyowatenga watu kwa rangi, na mtoto huisoma jamii yake kwa macho kabla hajajua kusoma herufi. Huona sura ya nani imewekwa kwenye kasha la sabuni, nani ni shujaa wa hadithi, na nani huonekana tu pale panapohitajika mtu wa kuchekwa au kuogopwa.

Tukizungumzia ubaguzi katika vyombo vya habari, wengi hufikiria matusi. Matusi ni hatari, lakini yanaonekana, na mtu anaweza kuyalalamikia. Kinachonitia hofu zaidi ni kile kisichomkera mtu. Filamu ambamo watu wa kundi fulani kila mara ni walinzi wa mlango, wezi au watumishi. Tangazo la mafuta ya ngozi ambamo msichana anapata kazi na mchumba baada ya kujichubua. Taarifa ya njaa ambamo mgeni ndiye anayeeleza, na mwenye njaa anaonyeshwa tu, kimya, bila jina. Kila kimoja ni kidogo. Vikirudiwa kwa miaka, akili huvipokea kuwa ndivyo dunia ilivyo.

George Gerbner, aliyeichunguza televisheni ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba wanaoitazama kwa saa nyingi huelekea kuieleza dunia kama ilivyo kwenye skrini, hasa kwa kuiona ina hatari kuliko ilivyo kweli. Katika suala la rangi na kabila, naamini athari hii humwelemea zaidi asiye na jirani, rafiki wala mfanyakazi mwenzake wa kundi linalozungumziwa. Mwenye jirani ana cha kulinganisha nacho. Asiye naye, skrini ndiyo jirani yake.

Tazama maneno yanavyofanya kazi. Agosti 2005, Kimbunga Katrina kiliufurisha mji wa New Orleans, na picha mbili za mashirika mawili tofauti zikasambaa. Katika moja, kijana mweusi anapita ndani ya maji yaliyomfika kifuani, na maelezo yanasema amepora duka la vyakula. Katika nyingine, watu wawili weupe wako kwenye maji kama yale wakiwa na vyakula, na maelezo yanasema wamepata mkate na soda. Ilielezwa baadaye kwamba mpigapicha wa kwanza alimwona kijana akiingia dukani. Wa pili alisema vitu vilikuwa vikielea majini. Huenda wote wawili walisema kweli. Lakini msomaji hakupewa maelezo hayo. Alipewa kupora na kupata, basi, na kila neno likaenda kukaa juu ya rangi yake.

Neno likirudiwa kwa makusudi, hufika pabaya mno. Nchini Rwanda, utawala wa Kibelgiji ulileta vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza mwaka 1993, kiliwavuta wasikilizaji kwa muziki na mazungumzo ya kuchangamsha, kisha kikawaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mende hahojiwi wala hasikilizwi, hupondwa. Wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, watu walitajwa hewani kwa majina ili wasakwe. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu: waanzilishi wawili wa RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Siku hizi hata mashine hutuhukumu kwa sura. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara inayotambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Mashine haina chuki. Hujifunza kutokana na picha inazolishwa.

Basi unaposoma habari ya uhalifu, badilisha kundi la mhusika kichwani mwako uone kama sentensi ingeandikwa vilevile. Mara nyingi mkosaji wa kundi lenye nguvu hutajwa kwa jina lake, na wa kundi dogo hutajwa kwa kundi lake. Tazama pia nani kapewa nafasi ya kusema. Nawaomba waandishi wenzetu wasitaje rangi, dini au kabila pale ambapo habari inaeleweka bila kutajwa.

Kwa mzazi, kumfungia mtoto skrini hakutoshi. Keti naye. Katuni ikiisha, mwulize nani alikuwa mwerevu, nani mbaya, nani alichekwa, na kila mmoja alikuwa na sura gani. Msikilize bila kumkatiza. Kisha mwulize ni yupi kati yao anayefanana naye.