IP kugongana: jirani hahusiki

Siku hizi Arusha video ikikwama na kuanza kuzunguka kwenye simu, mtu hasemi tena kwamba mtandao unasumbua. Anasema IP zimegongana. Mpangaji wa Sakina anasema hivyo, mwenye saluni wa Kijenge anasema hivyo, na fundi akiitwa naye anasema hivyohivyo, anazima rauta, anaiwasha, anachukua hela yake na kuondoka. Hayo ningeyavumilia. Kinachonishinda ni nyongeza inayozidi kuenea: eti IP ya nyumba hii imegongana na IP ya jirani, kwa sababu wote mmefungiwa intaneti na kampuni moja. Kuna watu wamenuniana na majirani zao kwa ajili hiyo.

Maana yenyewe ni fupi. Anwani ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Mgongano ni pale vifaa viwili vilivyo kwenye mtandao mmoja vinapotumia namba moja kwa wakati mmoja. Maneno "mtandao mmoja" ndiyo yanayorukwa, na ukiyaruka, yote yanayofuata yanaharibika.

Anwani tulizozizoea, zile za namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, zimetokana na kanuni zilizoandikwa mwaka 1981. Kila moja ni ya biti 32, kwa hiyo zote kwa jumla hazifiki bilioni 4.3. Dunia yenye simu, televisheni, printa na kamera kwenye kila ukuta haiwezi kutosheka na idadi hiyo. Dawa iliyopatikana, na iliyowekwa kwenye waraka uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996, ilikuwa kutenga mafungu matatu kwa matumizi ya ndani: anwani zote zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Yeyote anaweza kuzitumia kwake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sharti ni moja tu, kwamba zisitoke nje ya geti kwenda kwenye intaneti.

Kwa hiyo 192.168.0.105 ipo Njiro, ipo Ngarenaro, ipo Soweto ya Moshi, na ipo Berlin, zote zikiwa kazini muda huu. Gesti mbili za mtaa mmoja zinaweza kila moja kuwa na chumba namba 5, na hakuna mgeni atakayeingia kitanda cha mwenzake kwa sababu hiyo. Matatizo yanaanza pale gesti moja inapokuwa na vyumba viwili vyenye namba 5.

Sasa hapo mtu mjanja atauliza: mbona nikiingia kwenye tovuti ya kuangalia IP yangu naona namba nyingine kabisa, na jirani akiangalia anaona hiyohiyo yangu? Swali zuri, ila jibu lake halina mgongano ndani yake. Namba unayoiona pale ni ya nje. Rauta yako inapotuma kitu intaneti huvua anwani ya ndani na kuvika ya nje, na jibu likirudi inakumbuka lilikuwa la nani. Kampuni nyingi za simu hufanya kazi hiyo mara ya pili huko kwao, ili anwani moja ya nje itumiwe na wateja wengi. Kuna hata fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa shughuli hiyo, 100.64 hadi 100.127. Ukiikuta namba ya namna hiyo kwenye rauta yako upande wa nje, ujue uko kwenye foleni ya pamoja na watu usiowajua. Tovuti ikikufungia kwa kosa lililofanywa na mwingine wa anwani hiyo, utaudhika, na una haki. Lakini huko ni kuchangia, na kumepangwa hivyo makusudi. Kuchangia na kugongana ni mambo mawili.

Ajabu ni kwamba kipo kitu ambacho jirani anaweza kukugonga nacho kweli, na hakuna anayekitaja. Ni mawimbi ya WiFi. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Nyumba za kupanga zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kila mpangaji na rauta yake, haziwezi kukosa kusongamana hapo. Dawa ni kuhamia 5 GHz au kubadilisha chaneli. Ukibadilisha IP hapo, umefanya kazi ya bure.

Turudi ndani ya nyumba, maana mgongano wa kweli huzaliwa humo.

Rauta ikitaka kupeleka kitu kwa 192.168.1.108, inapiga mbiu kwanza: nani ana namba hii? Mwenye namba anajibu kwa kutaja anwani yake ya kiwandani, ile ya MAC, na rauta inaandika. Utaratibu huo unaitwa ARP, ni wa mwaka 1982, na umejengwa juu ya kuaminiana. Hakuna anayemtaka mwenzake kitambulisho. Wakijibu wawili, kwa kawaida anayebaki kwenye kumbukumbu ya rauta ni yule aliyesikika mwisho. Tuseme waliogongana ni kompyuta yako na mashine ya kurekodi picha za kamera. Dakika hii data ya kompyuta yako inakwenda kwenye mashine hiyo, ambayo inaipokea, haielewi, inaitupa. Baadaye kidogo kompyuta inasikika tena, mambo yanakaa sawa. Ndiyo maana dalili ya mgongano ni kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, kwenye kifaa kimoja au viwili huku wengine wote nyumbani wakiendelea kutazama mpira. Nyumba nzima ikiwa taratibu kwa pamoja, shuku bando, shuku laini, shuku mtoto anayepakua gemu. (Kuna hali moja ambapo mgongano huangusha nyumba nzima. Nitaifikia.)

Swali la msingi ni hili: kama rauta ndiyo inayogawa namba, inakuwaje igawe moja mara mbili? Aghalabu haigawi. Ugawaji huo, unaoitwa DHCP, una daftari lake, na rauta inajua nani kapewa nini. Anayeharibu ni kifaa kilichojipangia namba chenyewe bila kupitia kwenye daftari, na hapa mjini kifaa hicho mara nyingi ni kamera. Kamera za Dahua hutoka kiwandani na 192.168.1.108, za Hikvision na 192.168.1.64. Fundi anafunga, anaona picha, anaacha namba ileile au anaandika yoyote iliyomjia kichwani. Rauta nyingi za nyumbani nazo hugawa anwani ambazo namba yake ya mwisho ni kuanzia .100 hadi .199. Namba .108 imo katikati ya fungu hilo, na rauta haina habari kwamba ina mwenyewe.

Inaweza kupita miezi bila tatizo. Halafu umeme unakatika, unarudi, kila kitu kinawaka kwa mkupuo. Simu ya mgeni inawahi kuunganika na kupewa .108 kihalali kabisa. Mashine ya kamera, ambayo huchukua muda mrefu kuamka, inaamka na kushika .108 yake. Hapo sasa IP zimegongana, na neno limetumika mahali pake.

Hali ya pili ndiyo ile ya kuangusha nyumba nzima. WiFi haifiki nyumba ya uani, mtu ananunua rauta ya pili, ya aina ileile kwa kuwa ya kwanza imemridhisha, anavuta waya na kuuchomeka kwenye tundu lolote lililo wazi. Zote mbili zimetoka kiwandani zikijiita 192.168.0.1. Sasa kila kifaa kinachotafuta mlango wa kutokea intaneti kinaita namba hiyo, na wanaitika wawili, mmoja akiwa hana intaneti. Juu ya hapo zote mbili zinagawa namba kutoka kwenye fungu moja, kila moja na daftari lake. Suluhisho linachukua dakika chache: ingia kwenye rauta ya pili kabla ya kuiunganisha, iite 192.168.0.2, zima DHCP yake, kisha waya wa kutoka rauta kuu uingie kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya vifaa vya ndani, usiingie kwenye lile la WAN, la upande wa intaneti.

Kuhakikisha ni rahisi kuliko kubishana. Kompyuta inayosumbua iangalie ina anwani gani, kisha itoe kabisa kwenye mtandao: zima WiFi, chomoa waya. Nenda kwenye kompyuta nyingine ya humohumo ndani na uipigie ile anwani kwa amri ya ping, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta pamoja na anwani yenyewe. Namba ikiitika wakati mwenyewe hayupo, kuna mwingine anayeitumia. Andika hapohapo arp -a na utaona MAC yake. Tarakimu sita za mwanzo huonyesha mtengenezaji, kwa hiyo kamera haiwezi kujificha. Simu za kisasa zinaweza, kwa sababu hubuni MAC ya bandia kwa kila mtandao, ila nazo zina alama: tarakimu ya pili ya MAC hiyo huwa 2, 6, A au E. Namba isipoitika, usikimbilie kusema yameisha, maana vifaa vingine vimewekwa kutojibu ping. Itazame arp -a hata hivyo.

Ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, hiyo aghalabu ni habari nyingine. Imeomba namba, haikupewa, ikajipa ya muda. Huenda rauta haisikiki, au fungu la namba limeisha, kama inavyotokea kwenye hosteli yenye wanafunzi wengi na rauta ya kugawa namba 100 tu. Kuishiwa namba si kugongana, ingawa vyote humwacha mtu bila intaneti.

Kuzima rauta na kuiwasha kunaponya, sikatai. Vifaa vinaomba namba upya, na bahati ikiwepo kila mmoja anapata yake. Lakini kamera bado inang'ang'ania .108 na rauta bado haijui. Dawa inayokaa ni kuipa kamera namba iliyo nje ya fungu, tuseme .20, au bora zaidi, kuingia kwenye rauta na kuiwekea akiba namba yake kwa kutumia MAC, ili daftari lijue. Mimi napendelea hii ya pili, kwa sababu fundi atakayekuja baada ya mwaka ataona orodha mahali pamoja badala ya kupanda ngazi kuuliza kila kamera.

Kwa hiyo fundi akija, mweleze kilichobadilika: kompyuta inakatika tangu kamera zifungwe, au nyumba nzima inayumba tangu rauta ya pili iwekwe uani. Hiyo itamsaidia zaidi ya jina. Na kama hakuna kilichoongezwa, kila kifaa kina tatizo lilelile, na ping haikumkuta mtu, sema tu kwamba intaneti inasumbua na umwache atafute. Jirani mwache apumzike, isipokuwa kwenye yale mambo ya chaneli.