Je, Wajua Kwa Nini Sponji Nene Hainyamazishi Kibodi?

Kibodi ya kimekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake yenye springi, mwenye nayo huipenda kwa mlio wake na aliye chumba cha pili huichukia kwa mlio uohuo. Ukitaka kuituliza, wazo la kwanza ni kutafuta sponji, kuikata na kuishindilia ndani: kadiri ilivyo nene, ndivyo itakavyofaa. Nami niliwaza hivyo. Nikaweka sponji ya milimita 10 mahali penye nafasi ya milimita 4, nikakaza skrubu kwa nguvu za mkaidi, bodi ya saketi ikabinuka katikati, na herufi A ikaanza kujiandika mara mbilimbili. Kelele ilikuwepo palepale, ila sasa ilikuwa na sauti ya gogo.

Sikujua sauti inatoka wapi. Ukibonyeza kitufe, kinashuka milimita 4 hivi mpaka shina la swichi lijigonge chini. Ukikiachia, springi inalirudisha shina na linajigonga tena juu. Kila herufi, basi, ina migongano miwili, na yote ni midogo. Kinachoikuza ni safari inayofuata: mtikisiko unapita kwenye bamba linaloshika swichi, unashuka kwenye bodi ya saketi, unaingia kwenye kasha, mwisho unafika mezani. Kila kituo kinaitikia kwa sauti yake. Na kasha lenyewe, hasa likiwa la plastiki nyepesi, ndani limejaa hewa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hapo ndipo mfano wa sponji za studio za kurekodia unapotupotosha. Sponji za ukutani humeza sauti kwa sababu hewa inayotikisika huingia kwenye vitundu vyake, ikajisugua humo na kugeuka joto kidogo. Lakini ili ifanye kazi hiyo vizuri, sponji inahitaji kina kinachokaribia robo ya urefu wa wimbi. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34, na robo yake ni sentimita 8.5. Ndani ya kibodi una milimita chache tu. Sponji ya humo haimezi sauti kwa maana ya ukutani. Inaziba uwazi, na inagusana na kile kinachotikisika kikashindwa kuendelea kulia. Mpiga ngoma anayetaka kukata mlio haleti godoro, anaweka kiganja juu ya ngozi.

Kwa hiyo unapochagua, unene usikushughulishe sana. Jiulize: hii itagusa nini, na ina uzito gani?

Chini kabisa, kwenye sakafu ya kasha, uzito ndio mfalme. Mafundi wa magari hubandika ndani ya milango karatasi nzito za mpira wa butili, laini kama unga uliokandwa, zenye gundi upande mmoja na foili ya alumini upande wa pili. Mpira huo unavutika na bamba linapotikisika na kuula mtikisiko wenyewe. Kwenye kibodi unafanya kazi vilevile, na si lazima ujaze sakafu yote. Vipande kwenye sehemu pana zisizo na nguzo vinatosha. Hatari ni foili: inapitisha umeme, na ikigusa ncha za risasi ya kuchomelea zilizotokeza chini ya bodi, umejitengenezea shoti. Ifunike kwa utepe usiopitisha umeme.

Wengine humimina silikoni ya majimaji ikagandia ndani. Matokeo ni mazuri na kibodi inakuwa nzito kwelikweli, ila nusa kwanza. Silikoni ya kuzibia mabomba yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Tumia ile ya kuchanganya sehemu mbili, isiyo na harufu hiyo, uiache ikauke kabisa kabla ya kurudisha bodi.

Kati ya bamba na bodi mambo ni ya kipimo. Kwa swichi za mtindo wa Cherry MX, ambao ndio umezoeleka, kutoka uso wa bamba hadi bodi ni milimita 5, na bamba lenyewe huwa 1.5. Zinabaki 3.5. Hapo panafaa Poron au EVA, aina mbili za sponji, inayogusa pande zote mbili bila kusukuma. Mimi naipendelea Poron, kwa kuwa hata ikikaa imebanwa muda mrefu hurudi umbo lake, wakati EVA hulala. Kutoboa mashimo yake kwa wembe, moja kwa kila swichi, ni kazi ya mwenye subira ya Ayubu.

Kuna pia ile karatasi nyembamba ya povu la polithini, kama inayofungiwa vyombo vya glasi, ambayo hulazwa chini ya swichi juu ya bodi. Hiyo hainyamazishi chochote. Inabadilisha mlio ukawa kama wa gololi zinazogongana. Ukiipenda sauti hiyo, sawa.

Epuka sponji nyeusi zinazochomekwa miguu ya chipu dukani: zina kaboni na zinapitisha umeme. Weka mita ya umeme kwenye ohm, gusisha ncha zake zote mbili kwenye sponji. Mita ikisoma chochote, iache sponji hiyo. Na kumbuka kwamba sponji huzeeka. Kibodi za IBM Model F, zilizotoka na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, zina sponji ndani, na wanaozifungua leo huikuta imegeuka makombo.

Kabla ya kukata chochote, kunja taulo, weka kibodi juu yake, andika sentensi mbili. Kelele ikishuka sana, mwenye makosa ni meza, na mkeka mnene utamaliza kesi. Kisha bonyeza kitufe cha nafasi peke yake. Kikilia kama kijiko ndani ya kikombe, huo ni waya unaokisawazisha unaocheza kwenye vishikizi vyake, na dawa yake ni grisi kidogo. Mlio wa shina kugonga chini nao sponji haiufikii. Huo unataka swichi zenye vipande vya mpira kwenye shina, au pete za mpira chini ya kofia za vitufe, na kitufe kitakuwa laini kidogo kidoleni.