Mnyama Aliyenyamaza Hajatulia

Mbuzi akifungwa miguu na kupakiwa kwenye lori la mnadani hupiga kelele, hujirusharusha, kisha hunyamaza. Utingo atakwambia ametulia. Ninafundisha fiziolojia ya wanyama, na hakuna dhana ninayohangaika kuing'oa darasani kama hiyo, kwa sababu kimya cha mnyama chaweza kutoka sehemu mbalimbali za ubongo, na mara nyingi hakihusiani na utulivu hata kidogo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ulianzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio waliyowafanyia mbwa. Mbwa mmoja alipigwa shoti ya umeme, lakini akisukuma kibao kwa kichwa, umeme ulikatika. Mwenzake alipata umeme uleule kwa muda uleule, ila lolote alilofanya halikubadilisha kitu. Kundi la tatu halikupigwa shoti. Baadaye wote waliwekwa kwenye boksi lenye kizuizi kifupi, ambapo kuruka tu kungewaokoa. Wengi wa wale waliokosa namna ya kukata umeme hawakuruka. Walilala chini wakivumilia maumivu, na njia iko wazi mbele yao. Watafiti wakasema mbwa hao wamejifunza kwamba juhudi haina faida, na maelezo hayo yakaenea hadi kwenye mijadala ya sonona kwa binadamu.

Kuyasoma majaribio hayo kunauma, nami siyapambi. Wanyama waliteseka. Ndiyo maana naona ni wajibu wetu kuyaelewa matokeo yake sawasawa, na maelezo yale ya awali hayakuwa sahihi.

Maier alihamia Chuo Kikuu cha Colorado, akaanza kutumia panya na kuchunguza ubongo wenyewe. Ndani ya shina la ubongo kuna fungu la seli liitwalo kiini cha rafe cha mgongoni, nalo hutoa serotonini. Panya akipigwa shoti ya mkiani asiyoweza kuikata, seli hizo huchangamka mno na kumwaga serotonini kwa wingi kwenye maeneo mengine, ikiwemo amigdala inayoshughulika na hofu. Hofu hupanda, uwezo wa kukimbia hupungua, na hali hiyo hubaki hata siku zinazofuata. Lakini panya anayeweza kuzungusha gurudumu na kukata umeme, kiini chake cha rafe hakichangamki namna hiyo, ingawa maumivu aliyoyapata ni yaleyale.

Rafe inajuaje kwamba huyu ana uwezo wa kukata umeme na yule hana? Haijui. Mwaka 2005 José Amat, Maier na wenzao walitumia dawa iitwayo muskimoli kulizima kwa muda eneo la chini, upande wa ndani, la gamba la mbele la ubongo wa panya. Panya waliendelea kuzungusha gurudumu na umeme ukakatika kama kawaida. Hata hivyo, walipopimwa baadaye walikuwa wamenyong'onyea sawa na wale ambao hawakuwahi kuwa na gurudumu la kuwasaidia. Walijiokoa kwa vitendo, lakini rafe haikupata amri ya kutulia. Mwaka 2008 wakafanya kinyume chake: walilichochea eneo hilo kwa panya wasioweza kukata umeme, na panya hao wakakingwa kana kwamba walikuwa na uwezo huo.

Mwaka 2016 Maier na Seligman waliandika wazi kwamba nadharia yao ya awali ilikuwa imegeuzwa juu chini. Kunyong'onyea hakufundishwi na mtu. Ndilo jibu la asili mateso yanapodumu. Kinachofunzwa ni kwamba una uwezo wa kubadilisha hali. Gamba la mbele likitambua kwamba kitendo cha mnyama kinabadilisha hali, linaikanyagia rafe breki. Na breki hiyo ina kumbukumbu: panya aliyewahi kupata uwezo wa kukata umeme hulindwa hata akija kukutana na mateso asiyoweza kuyazuia. Kwangu mimi hilo ndilo tunda kubwa la miaka hamsini ya kazi hii.

Wanafunzi huniuliza kama haitoshi kupima homoni za msongo tu. Haitoshi. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huiamrisha tezi ya pituitari, pituitari huziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na hapo hutoka kortisoli, ambayo kwa panya ni kortikosteroni. Mwaka 1986 Maier na wenzake walionyesha kwamba homoni hizo hupanda karibu sawa kwa panya mwenye uwezo na asiye nao. Damu yaweza kukuambia mnyama ana msongo bila kukueleza anakabiliana nao vipi. Kwa muda mrefu zaidi, hata hivyo, tabia huacha alama kwenye damu. Mtafiti Robert Sapolsky, aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Masai Mara, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, aligundua kwamba madume wanaoweza kutofautisha hasimu anayekuja kwa shari na yule anayepita tu walikuwa na kiwango cha chini cha homoni hizo wakati wa utulivu.

Kuna tofauti nyingine ya kuangalia. Katikati ya shina la ubongo, kuzunguka mfereji wa maji ya ubongo, kuna tabaka la kijivu. Nguzo zake za pembeni na juu zikichochewa, mnyama hupigana au hukimbia na shinikizo la damu hupanda. Ile ya chini pembeni ikichochewa, huganda pale alipo na moyo wake hupunguza mapigo. Huyo wa pili ndiye tunayempita tukisema yuko sawa.

Sehemu kubwa ya habari hii ilipatikana kwa panya madume. Michael Baratta, Maier na wenzao walipowapima majike mwaka 2018, majike walijifunza vizuri kuzungusha gurudumu na kukata umeme, lakini uwezo huo haukuwakinga. Gamba lao la mbele halikuituliza rafe kama lilivyofanya kwa madume. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwa ujumla kwamba kumpa mnyama uwezo wa kuchagua humlinda dhidi ya msongo, muulize kwanza alipima jinsia gani.