Upele wa keto si "sumu inatoka"

Mtu akiacha wanga wiki mbili tatu (ndio mlo uitwao keto), au akifunga siku nyingi mfululizo, halafu mgongo ukaanza kumwasha, hakosekani wa kumpongeza: "Vumilia, hiyo ni sumu inatoka." Nimechoka kuisikia.

Upele huo madaktari wa ngozi huuita prurigo pigmentosa. Ni vipele vyekundu vinavyowasha, aghalabu mgongoni, kifuani na shingoni, na mara nyingi huhusishwa na ketosisi: mwili umekosa wanga, unachoma mafuta, na ini linamwaga ketoni, yaani kemikali zitokanazo na mafuta hayo, kwenye damu. Hauwapati wengi.

Sasa tulisome jina, maana limebeba kila kitu isipokuwa sumu. Prurigo inatokana na neno la Kilatini la kuwasha. Pigmentosa ni habari ya rangi: vipele vikinywea huacha madoa ya kahawia yaliyosukana kama wavu, na wavu huo unaweza kukaa miezi hata mwasho ukiwa umekwisha. Aliyeueleza kwanza ni Masaji Nagashima na wenzake, Japani, mwaka 1971, zamani kabla "keto" haijawa neno la kila mpunguza uzito. Tangu hapo umeonekana pia kwa wenye kisukari, kwa waliojinyima chakula kupita kiasi na kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili wapungue uzito. Hao hawakuwa wakisafisha mwili. Kinachowaunganisha ni ketoni.

Na ketoni yenyewe? Mkemia Mjerumani Leopold Gmelin ndiye aliyelitunga neno hilo mwaka 1848 kutokana na asetoni, ambayo nayo jina lake linarudi kwenye siki. Siki, jamani! Mwili ukikosa glukosi (sukari itokanayo na wanga), hata ubongo hutumia ketoni kama kuni. Kazi ya kushughulikia sumu ni ya ini na figo. Ngozi haina bomba la kuitolea. Hudhaniwa kwamba ketoni zikizidi huchokoza uvimbe kwenye vishipa vidogo vya damu vya ngozi, basi.

Wapo wanaosema ni mzio. Hao wamekaribia kidogo, lakini dawa za mzio kwa kawaida hazifui dafu hapa. Daktari huandika antibiotiki, doksisaiklini au minosaiklini, na si kwa kuua bakteria bali kwa kutuliza uvimbe. Wengine hupona kwa kurudisha wanga tu. (Mwenye kisukari asijaribu hilo peke yake, na akianza kutapika na kupumua kwa kasi, aende hospitali mara moja.) Halafu si kila mwasho wa mla keto ni huu: kuna fangasi, na kuna mzio wa kweli wa mayai au karanga alizozidisha.

Kwa hiyo ndugu, ukimwona mwenzako anajikuna, usimwambie avumilie sumu itoke. Mwambie aonyeshe mgongo kwa daktari wa ngozi, na asisahau kutaja anachokula.