Mbwa Aliyeganda Hajazoea Nguo

Hapa Malindi, mtu akimvika mbwa fulana ili asilambe mshono baada ya kuhasiwa, na mbwa akasimama tuli, utasikia: "Huyo ameshazoea." Sivyo. Mtazame kwa karibu: mkia umebanwa katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anajilamba pua mara kwa mara. Hiyo ni hofu.

Kuzoea huja kidogo kidogo, tena kuanze siku kadhaa kabla ya upasuaji. Mwachie ainuse fulana sakafuni, umpe kipande cha samaki asiye na miiba. Kesho mguse nayo mgongoni, umpe tena. Kwenye tundu la kichwa usimsukume: lishike wazi, weka samaki upande wa pili, aingize kichwa mwenyewe. Wengi huharakisha hapo, na mbwa huanza kuikimbia fulana akiiona tu. Akirudi nyuma, nawe rudi hatua moja.

Na joto la kaskazi je? Mbwa hupoa hasa kwa kutweta. Jasho lake ni la nyayoni tu. Chagua pamba nyepesi, mweke kivulini. Akitweta sana, mvue, ukae naye asiguse kidonda.