Vibano vya mabuti magumu: vinafanya nini, na watumiaji wanataka virekebishwe wapi

Ubao wa theluji hauna usukani wala breki. Anayeteleza nao huulaza upande mmoja au mwingine mpaka ukingo wake wa chuma uume theluji, na kona inajichora yenyewe. Nguvu ya kufanya hivyo hutoka miguuni, na kati ya mguu na ubao kuna kifaa kimoja tu: kibano kinachoshika kiatu. Kibano kikilegea, huwa kama usukani wa gari unaocheza: unageuza, na gurudumu linachelewa kutii.

Vibano viko vya aina kuu mbili, kwa sababu mabuti nayo yako ya aina mbili. Watelezaji wengi huvaa buti laini, ambalo hubanwa kwa mikanda na kuegemezwa kwa nyuma na bamba la plastiki. Wachache huvaa buti gumu: gamba la plastiki lenye bizimu, linalofanana sana na buti la skii. Kibano cha buti hili hakina mikanda. Ni bamba la alumini au plastiki ngumu lililokazwa juu ya ubao kwa kisahani na skrubu, na kwenye ncha zake mbili kuna vitanzi vya waya mnene wa chuma. Kisigino huingia kwenye kitanzi cha nyuma, kisha kile cha mbele hupandishwa juu ya ncha ya buti na kukazwa kwa wenzo mdogo.

Huenda uliwahi kuviona bila kujua. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998 kule Nagano, Japani, inakumbukwa Kenya kwa ajili ya Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho katika skii ya kilomita 10 na kumkuta bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akimsubiri mwisho wa njia ili amkumbatie. Michezo hiyohiyo ndiyo ya kwanza kuupokea ubao wa theluji. Ross Rebagliati wa Kanada na Karine Ruby wa Ufaransa walishinda slalomu kubwa, yaani mbio za kushuka mlima ukipinda kati ya milingoti, na tangu 2002 mbio hizo zimekuwa za wawili wawili wanaoshuka sambamba. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alizishinda mwaka 2018 na tena 2022. Huko ndiko nyumbani kwa buti gumu, pamoja na kwa watu wa kawaida, hasa Ulaya ya Kati na Japani, ambao raha yao ni kulala kwenye kona hadi mkono uguse theluji.

Ili malalamiko yao yaeleweke, tuanze na upana wa ubao. Ubao wa mbio una kiuno chembamba, mara nyingi karibu sentimita 20, kwa sababu ubao mwembamba huhama upesi kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili. Soli ya buti gumu la mtu mzima nayo inaweza kufika sentimita 31. Ukiiweka karibu kukingama, tuseme kwa nyuzi 15 kama wafanyavyo wengi wa mabuti laini, itakula sentimita 30 za upana, na ncha zake zitaning'inia nje. Ubao ukilazwa sana, ncha hizo hugota theluji, ukingo hunyanyuka, na mtu yuko chini. Ukiizungusha hadi nyuzi 60, mstari wa katikati wa soli huchukua sentimita 15 na nusu tu. Ndiyo maana mabuti magumu hufungwa yakitazama mbele, kwa kawaida kati ya nyuzi 50 na 65.

Mkao huo haukuumbiwa mwili wa binadamu. Mguu mmoja uko mbele ya mwingine, umbali wa karibu nusu mita, yote miwili ikielekea upande mmoja, ndani ya magamba yasiyoacha kifundo kijikunje kitakavyo. Ili magoti yaelekeane katikati ya ubao, mguu wa mbele unataka ncha ya buti iinuliwe na wa nyuma unataka kisigino kiinuliwe. Kazi hiyo hufanywa na kabari, vipande vyenye mwinamo wa nyuzi chache, 3 au 6 kwa mfano, vinavyowekwa kwenye kibano. Wengine huongeza mwinamo mdogo wa kuelekea ndani. Urefu wa miguu na upana wa nyonga hutofautiana, kwa hiyo kipimo kinachomfaa mwenzako kinaweza kukuumiza goti kabla ya saa sita mchana.

Hapa linatoka ombi la kwanza: marekebisho mepesi. Kubadili pembe maana yake ni kufungua skrubu. Kubadili kabari maana yake, mara nyingi, ni kukitoa kibano chote kwenye ubao. Ukiwa karakanani hilo halina neno, lakini kosa la mkao hugunduliwa mlimani, vidole vikiwa vimekufa ganzi na skrubu ikiwa tayari kupotelea kwenye theluji. Watu wangependa wenzo wa kufungulia, mistari ya nyuzi inayosomeka, na kukaza tena bila bisibisi. Watengenezaji wanasitasita, na wana sababu: kila kiungo kinachofunguka kwa mkono ni mahali papya pa kulegea, na kibano hiki hutikiswa kutwa. Mimi ningewaunga mkono nusu. Pembe na kabari mtu akishazipata hazigusi msimu mzima, ziache skrubu zake. Kinachostahili kurahisishwa ni urefu wa buti, ili ndugu wawili au klabu waweze kuazimana ubao mmoja bila kufungua sanduku la vifaa.

Ombi la pili ni kuingia na kutoka. Anayepanda mlima kwa lifti ya viti huutoa mguu wa nyuma ili ajisukume nao kwenye foleni, na akifika juu huufunga tena. Kwa hiyo kila mshuko huanza kwa kuinama, kuondoa theluji chini ya soli, na kuvuta wenzo. Dawa yake ipo zamani. Katika mfumo wa Intec, kisigino cha buti kina pini mbili zinazosukumwa na springi. Unaingiza ncha kwenye kitanzi cha mbele, unakanyaga, na pini zinatumbukia kwenye matundu ya kibano. Kutoka, unavuta kamba ya waya iliyopita ndani ya buti hadi karibu na goti. Ni rahisi kweli, lakini theluji ikishindiliwa chini ya kisigino, pini moja inaweza kuingia na nyingine ikabaki nusu, nawe usitambue. Wanachotaka watumiaji ni alama ya wazi, ya rangi au ya sauti, inayothibitisha kwamba pini zote mbili zimefika, na kamba inayodumu kuliko hizi za sasa. Kampuni ya Burton ilileta mfumo wake wa Step On wa kukanyaga tu kwa mabuti laini mwaka 2017, kwa hiyo mtu wa buti gumu ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini.

Ila hayo ni ya starehe. Suala lenyewe hasa ni ugumu wa kibano, na hapa wanaovitaka vibano bora hawakubaliani hata wao kwa wao.

Theluji ya asubuhi iliyoganda haiko laini kama kioo. Ina mikwaruzo na vibonge, na ubao hupiga mtetemo unaopanda moja kwa moja hadi gotini, kwa sababu njiani hakuna kitu cha kuupunguza. Hivyo mtu husema: nipeni kibano kinachoyumba kidogo upande kwa upande. Ombi jema, mpaka ukumbuke ile pembe ya nyuzi 60. Mguu ukitazama mbele kiasi hicho, kuulaza ubao ukingoni hufanywa zaidi kwa kusukuma ubavu wa buti, si kwa kukanyaga vidole au kisigino. Maana yake ni kwamba upande unaoombwa ulegezwe ndio uleule unaoongoza ubao. Ukiulegeza, goti linapumua na ukingo unachelewa. Ukiukaza, ukingo unatii papo hapo na kila kibonge unakisikia.

Hakuna kibano kinachoweza kuufuta ugomvi huo. Kinachowezekana ni kumpa mtumiaji uamuzi. Baadhi ya vibano vya chuma vina pete za mpira kati ya bamba la juu na kitako, na ukitaka unabadili mpira mlaini kwa mgumu. Vitanzi vya waya vyenyewe hunepa kidogo, ndiyo maana wapo wanaovipendelea kuliko pini za kisigino, ambazo hushika kwa ukali zaidi. Ningependa kuona mpira huo ukiuzwa kulingana na uzito wa mtu, kwa sababu mwenye kilo 60 na mwenye kilo 100 hawawezi kuhisi kitu kimoja juu ya pete moja.

Upo pia ugumu wa namna ya pili, ule unaouzuia ubao wenyewe kupinda. Ubao hukata kona vizuri ukijikunja kwa mviringo mmoja mfululizo, lakini chini ya kila kibano pana kipande kisichopinda. Wanambio walilijibu hilo kwa bamba refu linalokaa juu ya ubao: upande mmoja limeshikwa na bawaba, upande wa pili linateleza, na vibano vyote viwili hukazwa juu yake. Ubao hujikunja chini, miguu inabaki imetulia juu. Wengi katika Kombe la Dunia hulitumia. Gharama yake ni uzito, kimo, na bei ambayo mtelezaji wa mwisho wa wiki huitazama mara mbili.

Watu wa skii huuliza jambo jingine kabisa: mbona kibano hiki hakifunguki mtu akianguka? Chao kina springi zinazopimwa kwa uzito, kimo na ustadi wa mtu, na buti huachiwa kabla mfupa haujavunjika. Tofauti ni kwamba kwenye ubao miguu yote miwili imefungwa kwenye kitu kimoja. Mmoja ukiachiwa na wa pili ukabaki, ubao mzima unakuwa mkono mrefu wa kulisokota goti lililosalia. Ni lazima vyote viwili vifunguke kwa pamoja, na miundo iliyojaribu kufanya hivyo haikushika mizizi. Kwa mteremko uliosawazishwa sioni haraka yake. Kwa wanaopanda milima isiyotunzwa, ambako poromoko la theluji huugeuza ubao kuwa nanga inayomvuta mtu chini, ombi hilo lina uzito.

Kuna dosari moja ambayo ingerekebishwa bila kubishana: waya wa kitanzi huchoka. Chuma kinachokunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara hupata ufa usioonekana, kisha hukatika ghafla, na mara nyingi hukatika katikati ya kona kwa kuwa ndipo mzigo unapokuwa mkubwa. Waya wenye tarehe iliyogongwa, au ganda linalobadilika rangi likianza kupasuka, ungetosha. Mpaka hapo, ukinunua vibano vilivyotumika, toa vitanzi vyote uvikague penye mkunjo chini ya mwanga mkali, angalia kama matundu ya skrubu kwenye kisahani yamepanuka, na weka kando pesa ya vitanzi vipya hata kama muuzaji anaapa kwamba vya zamani bado vizima.