Je, wajua kwa nini mlango mkuukuu hutengenezwa lakini kadi kuukuu haiguswi?

Mtoto wa ndugu yangu alinijia barazani, huku mtaa wa Langoni, Lamu, na wembe mkononi. Mkono wa pili ameshika kadi ya mchezaji mpira wa Brazili, aliyoikuta kwenye sanduku la babake, ya enzi zile kadi zilipokuwa zikitoka ndani ya pakiti za bigijii. Pembe zimelika, ukingo umechakaa.

"Ami, nikiikata hapa pembeni kidogo tu, si itarudi mpya? Kuna moja ya Marekani iliuzwa dola milioni 12.6."

Bei hiyo ni ya kweli. Ni kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 na kuuzwa mnadani Agosti 2022. Nikamwambia aweke wembe chini kwanza. Akaweka, lakini akanitupia swali lililonikaa kichwani siku nzima: mbona mlango wa jirani umetiwa ubao mpya, na bado watu wanauulizia bei?

Fundi wa Lamu akiletewa mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa, hukata palipooza, akapachika kipande cha mti wa mbambakofi, akakichonga kufuata ua lililokuwepo. Mfaa, ule ubao wa katikati, ukipasuka hutiwa mwingine. Mlango ni wa kufungua na kufunga, haukuchongwa uwekwe kabatini. Jahazi ndilo zaidi. Huko Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, hupandishwa ufukoni, mbao mbovu zikatolewa, likapigwa kalafati upya, yaani kuzibwa mianya kwa pamba, na baada ya miaka mingi huenda usikute ubao hata mmoja wa mwanzo. Jina ni lile lile, na hakuna nahodha anayelia kuwa katapeliwa. Kila mtu anajua chombo hutengenezwa.

Kadi haina kazi. Haibebi mikoko wala haizuii mwizi. Chukua zile za besiboli za toleo liitwalo T206, zilizotiwa kwenye pakiti za sigara Marekani kati ya 1909 na 1911. Watoto walizichezea, wakazikunja, wakazibandika kwenye daftari kwa gundi, na nyingine zikaishia jalalani. Iliyotufikia na pembe kali ni ile iliyopata bahati ya kutoshikwashikwa kwa miaka zaidi ya mia. Picha ya mchezaji unaipata bure kwenye simu. Mnunuzi analipia ile bahati. Ukizitengeneza pembe usiku wa jana kwa wembe, umemuuzia bahati ambayo haikutokea.

Na bahati hiyo ina mizani yake. Kampuni kama PSA, iliyoanza mwaka 1991, huipima kadi, huipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki. Iliyokatwa au kupakwa rangi hunyimwa alama. Huandikwa tu kuwa ni halisi lakini imebadilishwa. Kwa kadi ya thamani kubwa, alama moja kupanda au kushuka ni pesa ya kununua shamba. Hapo ndipo wembe unapoanza kumnong'oneza mtu.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Honus Wagner, mchezaji besiboli wa timu ya Pittsburgh. Kadi yake ya T206 ni adimu kwa sababu uchapaji wake ulisimamishwa mapema, na sababu ya kusimamishwa watu wanaibishania hadi leo. Moja ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mwaka 1991 Wayne Gretzky, bingwa wa hoki ya barafuni, na mshirika wake Bruce McNall waliinunua mnadani kwa dola 451,000. PSA ikaipima ikiwa kadi yake ya kwanza kabisa, ikaipa 8. Mwaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Minong'ono kwamba imekatwa ilikuwepo muda wote huo. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara maarufu wa minada aliyekuwa ameimiliki miaka ya 1980, alikiri mahakamani kuwa yeye ndiye aliyekata kingo zake. Kesi ilikuwa na mengine pia, yakiwemo ya kupandisha bei za mnada kwa hila, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20.

Wajuzi hukamata vipi? Hupima ukubwa, kisha huutazama ukingo kwa kioo cha kukuza: ule wa zamani umefifia sawa na uso wa kadi, wa juzi ni mweupe na mkali. Rangi ya kiwandani huonekana kama vidoadoa, ya kalamu hulala tu. Taa ya miale ya urujuanimno nayo husema, maana karatasi nyingi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia zina dawa ya weupe inayong'aa buluu; kadi inayodaiwa kuwa ya kabla ya hapo iking'aa, ina shaka. Pia kuna njia isiyohitaji chombo. Mwaka 2019 wakusanyaji walilinganisha picha za minada ya zamani na za karibuni, wakaikuta kadi ile ile, ila doa limetoweka na alama imepanda.

Wapo watakaosema basi kila kinachogusa kadi ni haramu. Mimi siendi huko. Kadi iliyogandishwa kwenye daftari ikilowekwa kwa maji matupu hadi gundi iachie, wakusanyaji wengi wa kadi za kale wanakubali: umeondoa kilichoongezwa, hukuongeza kitu. Kunyoosha mkunjo kwa mvuke kuna ubishi, na mimi moyo unasita. Dawa ya kung'arisha, hapana. Watunzaji wa makumbusho wana kanuni nzuri: ulichokitia kiweze kutolewa, na kiandikwe. Hati za kale za msikiti wa Riyadha hapa mjini zilipigwa picha za kidijitali zihifadhiwe. Fikiria mtu angechukua kalamu mpya akakoleza wino uliofifia. Wembe haupiti kwenye kanuni hiyo, kwa sababu ukingo ukishaanguka sakafuni haurudi.

Nilimkumbusha mwanangu kisa anachokijua tangu chuo cha Kurani, cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Mvua haikuwa kosa lake.

"Basi nikiikata nikasema nimeikata?"

Hutakuwa umeghushi, nikamjibu. Lakini ubao mpya wa mlango unajisema wenyewe kwa rangi yake, na kadi iliyokatwa vizuri imekatwa ili isijiseme. Wewe utasema, utakayemuuzia huenda akasema, wa tatu atanyamaza.

Akaigeuza kadi, akasoma jina la babake lililoandikwa nyuma kwa biki, kwa mwandiko wa mtoto. Akaniuliza kama na lile linapunguza bei. Nikamwambia linapunguza sana. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kumwonyesha babake.